Koti la Shemeji na Njia Fupi ya Mlima

KITUO KIDOGO CHA POLISI, MKWAJUNI, KILIFI
MAELEZO YA SHAHIDI
Jumatatu, tarehe 17 Februari 2025, kuanzia saa mbili na robo asubuhi

Jina: Kadii Thoya
Umri: Miaka 39
Kazi: Msusi wa makuti ya kuezekea
Makazi: Mkwajuni, nyuma ya Bofa
Uhusiano: Mke wa mshukiwa Mwaringa Ngowa, na dada wa Ngumbao Thoya anayedaiwa kupotea
Aliyeandika: Koplo Okoth

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwamba nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mume wangu Mwaringa yumo ndani ya seli ya kituo hiki tangu Ijumaa alasiri, anashukiwa kumuua ndugu yangu Ngumbao kule Mlima Kenya. Leo saa tano anapelekwa kortini, na nimeambiwa itaombwa azuiliwe siku nyingine. Basi kabla ya mengine yote nataka iandikwe kwamba ndugu yangu hajafa. Nilimwona jana kwa macho yangu, na alikula wali mbele yangu na kuomba aongezewe.

Koplo Okoth ameniambia neno la mke peke yake halimtoi mtu seli, na kwamba anayetakiwa ni Ngumbao mwenyewe, aje asimame hapa aonekane. Hilo nimelielewa. Ngumbao nimempa nafasi aje kwa miguu yake. Akifika kabla sijamaliza, nitanyamaza na mengine atayasema mwenyewe. Asipofika, nitasema alipo na kwa nini amejificha, hata kama hatanisemesha tena mpaka tunazikana. Nimeomba kiti kinachotazama lango, nimepewa.

Koplo anataka nianze mwanzo. Mwanzo ni koti.

Ngumbao ni mwalimu wa kuogelea katika hoteli moja ya Bofa. Mwezi wa Desemba mgeni mmoja aliyekuwa ametoka kupanda mlima alimwachia koti jekundu, zito, la baridi. Ndugu yangu alilivaa siku ya Mwaka Mpya. Nyinyi mnalijua jua la Kilifi mwezi wa Januari. Alikuja kwetu kutupa mkono wa mwaka, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu, na hakulivua. Mume wangu alimwangalia toka juu ya mnazi, maana yeye ni mgema na wakati huo alikuwa akigema, akamwita mulamu, yaani shemeji kwa Kigiriama: "Mulamu, umelivaa koti la mlima na mlima wenyewe huujui. Ni sawa na mtu kufuga ndevu akasema amesoma." Ngumbao akamjibu, "Mwenye kupanda miti aseme ya miti. Mlima si mnazi." Mwaringa akasema, "Twende basi." Hapo ndipo ilipoanzia safari yenyewe. Haikuwa na sababu nyingine.

Koplo ameuliza kama walikuwa na uadui. Hapana. Mwaringa na Ngumbao ni shemeji, na kwetu sisi Wagiriama shemeji na shemeji ni watani. Neno ambalo mtu mwingine akikwambia utamvunja meno, mtani akikwambia unacheka na kumtafutia baya zaidi. Wameitana maiti, mwizi, punda na mzee kikojozi tangu mwaka nilioolewa. Mmoja wao akifa, mwenzake ndiye atakayekuja matangani amevaa nguo za marehemu, amwige anavyotembea, watu wacheke huku wanalia. Hiyo ni haki yake, na asipofanya hivyo watu watauliza alikuwa na kinyongo gani. Mimi nimekaa katikati yao miaka yote hiyo kama figa, moto huku na moto huku. Kuna siku nimetamani wachukiane kidogo tu, nipumzike masikio.

Mnamo tarehe 19 Januari, Jumapili, baada ya chakula cha mchana, walikaa uani kwangu kuchagua njia. Mimi nilikuwa nasuka makuti hapo hapo. Ngumbao alikuwa ameuliza watu na kusoma kwenye simu. Alisema njia ziko kadhaa, ila wao wachague kati ya mbili. Kuna ya Sirimon, ambayo ni ndefu, inapanda polepole, na mtu anaweza kulala siku moja zaidi njiani ili mwili uzoee hewa nyepesi. Na kuna ya Naro Moru, ambayo ni fupi, ila ni ya kukwea, na katikati kuna kinamasi cha kupanda nacho juu. Yeye aliitaka ya Sirimon. Alisema watu huumwa na kichwa wakipanda haraka, wengine hufa.

Mume wangu alicheka. Mwaringa hupanda minazi asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na kwa mgema njia ni moja, juu moja kwa moja, ukimaliza unashuka. Alichukua kotama yake, kisu cha kugemea, akachora mnazi mchangani, akasema, "Nionyeshe hapa mtu anayezunguka mnazi siku tano ndipo alifikie kole la nazi. Na hiyo hewa unayoiogopa, mimi niko juu kila siku. Hewa ya juu ni nzuri kuliko ya chini, haina hata nzi." Mgema akisifiwa, wanasema, tembo hulitia maji. Huyu wangu hakuna aliyemsifu, alijisifu mwenyewe.

Wakanigeukia mimi niamue. Nilisema wapite ile ndefu. Nilisema hivyo kwa nia njema, na mpaka leo naona nilisema sawa. Lakini Mwaringa akapiga makofi. "Haya mulamu, dadako amekuchagulia. Ukichoka, yeye atakuja akubebe mgongoni." Nilimwona Ngumbao anakunja uso. Baada ya hapo ile ndefu haikuwezekana tena. Mtu aliyekuwa akisema watu hufa dakika tano zilizopita akasema, "Tutapita ile fupi, na wewe ndiye utakayebebwa." Nikawaambia nyote wawili hamna akili. Wakacheka. Nami nikacheka, nisiwe muongo.

(Saa mbili na dakika hamsini. Shahidi ameinuka, ameenda mpaka mlangoni kutazama barabara, amerudi kuketi. Amekataa maji.)

Mnamo tarehe 5 Februari, Jumatano jioni, niliwasindikiza hadi kituo cha basi Kilifi mjini. Mama Waruguru alikuwepo. Huyo ndiye mwenye nyumba anayompangisha Ngumbao chumba, na ana duka mbele. Ni mtu wa bara, ameishi kwetu miaka mingi, na ni mwema. Mume wangu alimwambia mbele ya watu, "Mama, mtazame vizuri mpangaji wako, humwoni tena. Huyu namwacha huko juu. Mimi nitarudi na koti." Watu wa hapa walicheka. Mama Waruguru hakucheka. Nilimwona, na nilipaswa kumweleza, lakini basi lilikuwa linaondoka na mimi nilikuwa nawafungia chupa za maji. Maneno hayo ndiyo mliyoandikiwa. Sisemi hakuyasema. Aliyasema, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kuliko yeye.

Mnamo tarehe 11 Februari, Jumanne, saa nne asubuhi hivi, mume wangu alirudi peke yake. Alikuwa amevaa koti jekundu la Ngumbao. Nilimuuliza ndugu yangu yuko wapi. Alisema, "Yupo. Amebaki kidogo. Usiniulize, Kadii." Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Alioga, akalala, akaamka, hakunitania. Huyo ni mtu ambaye hata siku ya kumzika babake alinitania. Nilipoona amekula ugali na kusema ahsante tu, nilianza kuogopa.

Lakini nje alikuwa mwingine. Jioni hiyo alipita dukani kwa Mama Waruguru na lile koti mwilini. Mama alimuuliza, "Ngumbao wangu umempeleka wapi?" Naye akajibu, "Nimemzika. Kule kuna baridi, hata haozi." Yalinifikia maneno hayo usiku huo huo, maana Mkwajuni maneno hayalali njiani. Nilimwambia, "Mwaringa, huyo si mtani wako, mweleze." Akasema, "Nikimweleza nitaelezea nini?" Sikumwelewa. Sasa ndiyo namwelewa.

Mama Waruguru alimpigia Ngumbao simu kwa siku tatu, haipatikani. Ijumaa akaja hapa kituoni. Simlaumu. Ningekuwa mimi na ningesikia mpangaji wangu amezikwa na koti lake linatembea barabarani, ningekuja mbio kuliko yeye. Mlipomkamata mume wangu mlimuuliza Ngumbao yuko wapi, naye akasema yu hai lakini hawezi kusema alipo. Mmeniambia mtu anayejibu hivyo ana jambo. Ni kweli, ana jambo. Mmeniambia pia mmemtafuta kiongozi wa mlima aliyekuwa nao na hapatikani, amepanda tena na wageni wengine.

Usiku wa Ijumaa sikulala, na wa Jumamosi sikulala. Nikifikiria mume wangu, ndugu yangu ananijia amelala kwenye mawe. Nikifikiria ndugu yangu, najiuliza niliyelala naye kitanda kimoja amefanya nini. Naomba hilo liandikwe. Kwa siku mbili nilimshuku Mwaringa. Nilisuka kuti moja mara tatu na kulifumua.

Jumamosi mchana nilimletea chakula hapa. Askari aliyekuwa zamu alisimama karibu. Mwaringa hakuuliza habari ya nyumba. Alisema, "Shati langu la mistari liko Kaloleni kwa shangazi yako Pola. Nenda kalichukue, nataka kulivaa kortini." Nilimwambia, "Ndugu yangu haonekani, na wewe unataka kupendeza?" Nilimwachia sufuria na kuondoka na hasira zangu. Nilifika karibu na nyumbani ndipo nikajiuliza shati lake limefikaje kwa Shangazi Pola, wakati tangu Krismasi hatujafika Kaloleni, na shati hilo nililikunja mimi mwenyewe kwenye begi la mlima.

(Saa tatu na robo. Pikipiki imesimama langoni. Shahidi ameinuka. Alikuwa mtu wa kuleta maziwa. Shahidi ameketi.)

Jana Jumapili asubuhi nilienda Kaloleni. Nilimkuta Shangazi Pola ametoka kanisani, anachambua mboga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, nikajua kuna kitu. Nilipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Ngumbao alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, amevaa shati la mistari la mume wangu na suruali ya mume wangu, inamfika juu ya vifundo. Nilimkumbatia, kisha nikampiga. Nilimpiga makofi mawili, na hilo pia andikeni mkitaka. Shangazi akaleta wali, Ngumbao akala na kuomba aongezewe, huku akinieleza yaliyomkuta mlimani.

Nilimwambia Mwaringa yuko ndani kwa ajili yake. Hakuwa anajua. Simu yake ilizama matopeni kule mlimani, na Shangazi alikuwa ameambiwa tu ampumzishe. Alishika kichwa. Nilidhani atainuka tuondoke. Badala yake akasema, "Waambie umeniona. Si inatosha?" Nikamwambia haitoshi. Akasema, "Nikija watauliza. Nitajibu, wataandika. Kilifi nzima itajua." Akaingia ndani akafunga mlango. Nilibisha mpaka Shangazi akanishika mkono. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba kesho nitakwenda kituoni, nitaanza saa mbili, na nitasema taratibu. Afike kabla sijaweka sahihi.

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimesema taratibu kadiri nilivyoweza, hata Koplo amelalamika. Sijamwona mtu langoni. Mume wangu anaondoka hapa saa tano na pingu mkononi. Basi nasema.

Aliyonieleza Ngumbao kabla ya kufunga mlango ni haya. Tarehe 7 Februari walianza kutembea toka lango la Naro Moru na kiongozi wao, wakalala kambi ya kwanza, wote wazima, wanatukanana kama kawaida yao. Tarehe 8 walikwea kile kinamasi. Mwaringa alikwenda mbele kwa kasi ya minazi, na kila akisimama alimwita, "Mulamu, nikungoje au nikuandikie barua?" Ngumbao alikuwa na kichwa kinachogonga tangu asubuhi, na hakusema. Alificha. Walipofika kambi ya juu mchana alitapika, akaanguka, na miguu haikumsikiliza tena. Akaanza kusema yasiyo na kichwa wala mkia. Alijiharibia nguo. Alilia kwa sauti mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai, akamwita mamangu, ambaye ni marehemu miaka tisa sasa.

Kiongozi alisema ashushwe saa hiyo hiyo, hakuna kungoja. Mume wangu ndiye aliyembeba. Alimfunga mgongoni kwa shuka, akashuka naye kile kinamasi chote, kiongozi akimpokea kidogo na kumrudishia. Walipofika chini Ngumbao alianza kupata akili. Mwaringa akamvua nguo zilizochafuka, akamwosha, akamvisha zake kavu, shati na suruali. Yeye akabaki na koti jekundu, maana ndilo lililokuwa zima. Koti hakumvua maiti. Koti alilivaa kwa sababu nguo zake alikuwa amempa mwenzake.

Kiongozi alimwambia Mwaringa kuwa yeye pumzi anazo, apande tena kesho na kundi jingine, ndugu yake atatunzwa. Angefika kileleni. Angekuwa na la kumsimanga Ngumbao mpaka siku ya kufa, na mimi ningelisikia kila asubuhi na chai. Alikataa. Ngumbao akamwomba, "Usimwambie mtu. Na Kadii ndiye kabisa." Mwaringa akamwapia. Akampeleka Kaloleni afiche uso mpaka apone.

Ndiyo maana mume wangu anasema amemzika. Mtani anaruhusiwa kusema lolote. Angesema Ngumbao ameanguka, amelia, amejiharibia, watu wangecheka mwaka mzima na hakuna ambaye angemlaumu. Ni haki yake. Aliona heri aitwe muuaji. Na ile njia fupi ni yeye aliyeitaka, analijua hilo, na nadhani ndilo linalomkalisha kimya humo ndani kuliko kiapo.

Mimi nina hasira na wote wawili. Nina hasira na ndugu yangu aliyeona aibu yake ni nzito kuliko mlango wa seli. Nina hasira na mume wangu anayeweza kubeba mtu mzima mgongoni na hawezi kubeba sentensi moja. Lakini Mwaringa nimemshuku siku mbili, na sijui nitamtazamaje. Nampenda, hilo sijawahi kumwambia kwa sababu kila nikitaka kusema anatania.

Ngumbao Thoya yuko Kaloleni, nyumba ya shangazi yetu Pola Kitsao, nyuma ya shule ya misheni, mlango wa bluu. Nimesema. Pelekeni gari.

Niliyoyaona ni haya, na niliyoambiwa nimetaja aliyeniambia. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimekubali, isipokuwa neno "anadaiwa kuzikwa" ambalo nimeomba lifutwe, likafutwa. Natia sahihi nikiwa nimesimama kwa sababu siwezi kuketi tena.

Sahihi: Kadii Thoya

MAELEZO YA AFISA

Shahidi alitia sahihi saa nne kasoro dakika kumi. Nilikuwa naagiza gari liende Kaloleni wakati mwanamume mmoja alipoingia langoni kwa miguu, amevaa shati la mistari na suruali fupi kwake. Alijitambulisha kuwa Ngumbao Thoya na kutoa kitambulisho. Alisema alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha fundi viatu, tangu kabla ya saa mbili. Shahidi alianza kumwelekea mkono ukiwa juu. Nilisimama katikati.

Kwa ombi lake nilimsomea maelezo ya dada yake. Alisikiliza akiwa amesimama. Alisema yote ni kweli isipokuwa mahali pamoja, na akaomba paongezwe. Nimeandika kama alivyosema:

"Nililia, ndiyo. Lakini sikumwita mama. Hilo nilimdanganya dada yangu. Nilimwita Mwaringa. Alikuwa amenishika mkono, nami bado nikimwita."

Mshukiwa alikuwa ametolewa seli na alikuwa anasikia. Kisha alimwambia Ngumbao Thoya, "Vua shati langu, maiti wewe." Ngumbao Thoya akamjibu, "Nipe koti langu kwanza, halafu nikuzike."

Mama Waruguru, aliyekuwa amefika kuulizia, alishuhudia. Mwaringa Ngowa ameachiliwa saa nne na dakika ishirini. Mimi nimehamishiwa Pwani mwaka huu. Maneno yaliyosemwa na pande zote mbili nimeyaandika, na sikuyachukulia kuwa vitisho.

Koplo Okoth